Kufungua biashara Zanzibar: mwongozo kamili kuanzia barua ya sheha hadi ritani ya kwanza

Ofisi utakazozunguka Unguja au Pemba ukitaka kufungua biashara ni za serikali mbili, na makosa mengi ya gharama huanzia hapo. Mtu anakuja na cheti cha BRELA (msajili wa makampuni wa Bara), leseni ya Dar es Salaam na mkataba wa pango uliochapwa Kariakoo, anaamini amemaliza kazi. Ukweli ni kwamba hajaanza. Kabla ya kila hatua jiulize swali moja: jambo hili ni la Muungano au la Zanzibar?

Orodha ya mambo ya Muungano iko kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Kwa mfanyabiashara yenye uzito ni machache: fedha na benki kuu, kodi ya mapato ya watu binafsi na makampuni, ushuru wa forodha, uraia na uhamiaji. Hayo utayakuta vilevile pande zote mbili, kwa hiyo utashughulika na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), Uhamiaji na benki zilezile unazozijua.

Usajili wa makampuni, ardhi, leseni za biashara, utalii, mazingira, ajira, hifadhi ya jamii, alama za biashara, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mauzo ya ndani na ushuru wa stempu vyote vina sheria na ofisi za Zanzibar. Badala ya BRELA utakwenda BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Kwa viwango ni ZBS, si TBS, na kwa mazingira ni ZEMA, si NEMC. Michango ya wafanyakazi inakwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na bima yao ya afya iko chini ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Hata zimamoto ni kikosi kingine.

Katika mwongozo huu mfano wetu ni nyumba ya wageni ya vyumba vinane katika kijiji cha pwani ya kusini mashariki, tuseme Jambiani. Biashara ya aina hiyo hupita karibu kila mlango. Mwenye duka la nguo Darajani au Mwanakwerekwe ataruka hatua kadhaa.

Hatua ya kwanza: jina la biashara au kampuni?

Jina la biashara ni wewe mwenyewe kwa jina jingine. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe pamoja na gari na nyumba yako. Kampuni ni mtu wa kisheria anayejitegemea, na mwenye hisa huhatarisha kile alichoweka. Wengi wanaishia hapo na kuchagua kampuni kwa sababu inasikika vizuri. Kuna upande wa pili ambao washauri wengi hawausemi mapema.

Sheria ya Kodi ya Mapato ina mfumo mwepesi wa makadirio kwa mtu binafsi mwenye mauzo madogo: unalipa kiwango kinachotokana na mauzo, bila kutengeneza hesabu za faida na hasara. Kampuni haimo kwenye mfumo huo, hata kama mauzo yake ni ya genge la mboga. Itawasilisha hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye CPA (sifa ya juu ya uhasibu) kila mwaka, italipa asilimia 30 ya faida, na itapeleka taarifa za mwaka BPRA. Kabla hata hujauza chumba, gharama ya mhasibu na ya katibu wa kampuni inakusubiri.

Ushauri wetu: duka, saluni, mgahawa mdogo au vyumba viwili vya kupangisha, anza na jina la biashara. Ukiwa na mshirika anayeweka pesa, mkataba wa ardhi wa muda mrefu, wafanyakazi zaidi ya watatu wanne, au mwekezaji wa nje, fungua kampuni tangu siku ya kwanza. Kuhamisha leseni, pango na akaunti ya benki kutoka jina la biashara kwenda kampuni baadaye ni usumbufu mtupu, kwa sababu kila ofisi itakuhesabu kuwa mteja mpya.

Na kampuni iliyosajiliwa BRELA? Kwa Zanzibar hiyo ni kampuni ya nje. Ina njia mbili: kusajili tawi BPRA kama kampuni iliyoundwa nje ya Zanzibar, au kuunda kampuni mpya ya Zanzibar na ile ya Bara ikashika hisa ndani yake. Tawi huonekana rahisi, lakini madeni ya tawi ni madeni ya kampuni mama moja kwa moja. Kwa hoteli au ujenzi, pendelea kampuni mpya.

Hatua ya pili: jina na alama

Tafuta jina kwenye mfumo wa BPRA kabla ya kuchora nembo. Andaa majina matatu kwa mpangilio unaoupenda, maana la kwanza hukataliwa mara nyingi kwa kufanana na lililopo. Majina yenye "Zanzibar", "Spice" au "Ocean" yamejaa, na kuongeza neno "Tours" mwishoni hakutoshi kulitofautisha jina.

Kusajili jina la kampuni hakukupi alama ya biashara. Hayo ni maombi mengine, chini ya Sheria ya Mali za Viwanda ya Zanzibar Namba 4 ya 2008, na yanapelekwa BPRA hiyohiyo. Alama iliyosajiliwa BRELA haina ulinzi Unguja, na ya BPRA haina ulinzi Mwanza. Muda nao unatofautiana: Zanzibar alama hudumu miaka 10 kisha huhuishwa, wakati Bara usajili wa kwanza ni miaka 7. Ukiuza sabuni, viungo au kahawa pande zote mbili, sajili kote kuwili na uweke tarehe mbili tofauti kwenye kalenda.

Hatua ya tatu: mahali

Sehemu hii ndiyo inayomaliza mitaji ya watu, kwa hiyo twende taratibu.

Kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi Namba 12 ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya matumizi, na haki hiyo hupewa Mzanzibari. Mgeni hukodi. Mtanzania wa Bara ambaye si Mzanzibari naye ajipange kwa njia ya kukodi, wala asishawishiwe na dalali anayemwambia "wewe Mtanzania, nunua tu". Mikataba ya ardhi ya uwekezaji mara nyingi huandikwa kwa miaka 33, na inaweza kuhuishwa hadi kufika 99.

Dalali atakuonyesha karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji), ina mihuri na dole gumba. Isome kwa utulivu. Karatasi ile inathibitisha kwamba watu wawili waliuziana. Haithibitishi kuwa aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Barua ya sheha ni ya lazima karibu kila hatua utakayopita, lakini sheha hasajili ardhi. Anayesajili ni Kamisheni ya Ardhi, na huko ndiko unakopeleka namba ya kiwanja kwa uchunguzi kabla ya kutoa hata arubuni.

Mambo ya kuchunguza ni haya.

Warithi. Nyumba na viwanja vingi vya vijijini ni mirathi ambayo haijagawanywa. Anayekukodisha ni kaka mkubwa. Dada wawili wako Muscat na mdogo wao yuko Pemba. Ukishaezeka, ndipo mmoja wao anapokwenda Mahkama ya Kadhi kudai fungu lake. Omba hati ya mirathi inayotaja warithi wote, na kila mmoja asaini mkataba au ampe mmoja wao idhini ya maandishi iliyothibitishwa. Aliye nje ya nchi anaweza kusaini mbele ya ubalozi.

Miti. Zanzibar mwenye ardhi na mwenye minazi wanaweza kuwa watu wawili. Unakodi kiwanja, anakuja mzee na kukuambia mikarafuu na minazi ile ni yake tangu enzi za babu, na huenda ana haki kabisa. Hesabuni miti mbele ya sheha, mwandike ni ya nani, na fidia ilipwe kwa risiti kabla panga halijaingia.

Eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa eka tatu tatu kwa wakulima. Mwenye eka alipewa alime. Hana mamlaka ya kukukatia kiwanja cha hoteli kwa makubaliano ya barazani.

Wakfu na nyumba za serikali. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, ambazo mkataba wake ni wa kufungwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyumba nyingine ni za Shirika la Nyumba. Mpangaji wa miaka mingi atajinadi kama mwenye nyumba. Muulize risiti anazolipia pango: kama anamlipa mtu, yeye ni mpangaji, na unachofunga naye ni pango juu ya pango.

Njia ya pwani. Kiwanja kinachoziba njia ya kijiji kwenda dikoni kitakupa ugomvi usio na mwisho na wavuvi na akina mama wa mwani. Tembea mwenyewe, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, uone watu wanapita wapi na ngalawa zinalala wapi.

Mauziano na ukodishaji wa muda mrefu lazima vipitie Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya 1994. Bila idhini yake, pesa imetoka na haki haijahama.

Sasa mkataba wenyewe. Usinakili wa Bara. Mkataba unaotaja Sheria ya Ardhi ya 1999 umetaja sheria isiyotumika Zanzibar. Na usiandike tu "sheria za Tanzania", maana kwa mikataba, ardhi na ajira kuna sheria mbili. Andika: "Mkataba huu utaongozwa na sheria za Zanzibar na migogoro itasikilizwa na Mahkama za Zanzibar."

Kuna fundo moja ambalo hukwamisha wengi. Usajili wa kampuni na TIN (namba ya mlipakodi) vinadai anwani na mkataba wa pango. Mwenye nyumba naye anataka kusaini na kampuni iliyokwisha sajiliwa. Lifungue hivi: mwanzilishi asaini makubaliano ya awali kwa jina lake, yenye vifungu viwili. Cha kwanza, haki na wajibu vitahamia kampuni ikishasajiliwa, bila malipo mapya. Cha pili, iwapo kibali cha shughuli husika kitakataliwa ndani ya miezi sita, makubaliano yanavunjika na arubuni inarudi. Mwenye nyumba akikataa kifungu cha pili, huenda anajua jambo ambalo wewe hujalijua.

Vifungu vingine vya kupigania: nani anaezeka paa la makuti, ambalo hudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, mita ya umeme ya ZECO na akaunti ya maji ya ZAWA ni za jina la nani na deni la zamani ni la nani, pango linapandaje, na mkataba ukiisha, majengo na visima ulivyoongeza vinabaki kwa nani. Pango liandikwe kwa shilingi. Fedha ni jambo la Muungano, na kanuni za mwaka 2025 zimezuia kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kisha kuna kodi ya zuio, ambayo wapangaji wengi hujifunza kwa adhabu. Mwenye biashara anayelipa pango kwa mkaazi wa nchi anatakiwa kukata asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha. Pango la milioni 12 kwa mwaka: unampa mwenye nyumba 10,800,000 na TRA 1,200,000, kisha unamkabidhi mwenye nyumba cheti cha zuio. Akisema anataka milioni 12 kamili mkononi, hesabu inageuka: pango halisi linakuwa 13,333,333 na kodi 1,333,333. Ukimlipa zote na kusahau kukata, TRA itakudai wewe. Mwenye nyumba hatakurudishia. Jambo hili lisemwe mezani kabla ya bei kukubaliwa, na liandikwe.

Mkataba ukishasainiwa, ulipie ushuru wa stempu kwenye Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mkataba usio na stempu ni shida kuutumia kama ushahidi mahkamani, na unaukumbuka siku mnapogombana.

Hatua ya nne: BPRA

Sheria inayotumika ni Sheria ya Makampuni Namba 15 ya 2013. Andaa katiba ya kampuni, fomu zenye majina ya wakurugenzi, katibu na wanahisa, nakala za vitambulisho au pasipoti, picha, na anwani halisi ndani ya Zanzibar. Malipo ya serikali yanafanyika kwa kontroli namba. Usimpe mtu pesa taslimu ofisini.

Mahali pa kuwa makini ni kifungu cha shughuli za kampuni. Watu hunakili orodha ndefu: hoteli, uvuvi, madini, ujenzi, kuuza magari. Halafu ofisi ya leseni au benki inauliza kibali cha kila moja, au uwekezaji unatazamwa kama biashara iliyotengwa kwa wazawa kwa sababu tu ya mstari mmoja uliouweka ovyo. Andika shughuli unazofanya na zile utakazofanya ndani ya miaka miwili.

Mgawanyo wa hisa uandikeni kama ulivyo kweli. Kumweka Mzanzibari kama mwanahisa wa jina tu ili kupata ardhi au leseni ni mtego wa pande mbili: kisheria hisa ni zake, na benki siku hizi zinauliza mmiliki halisi ni nani. Akifariki, hisa hizo zinaingia kwenye mirathi yake, na warithi wake hawana habari na mapatano yenu ya chini ya meza.

Kosa dogo linalorudisha faili nyuma kuliko yote ni majina. Pasipoti inasema Mohammed, kitambulisho kinasema Muhamed, katiba inasema Mohamed. Chagua lililo kwenye kitambulisho unachoambatisha na ulitumie herufi kwa herufi hadi benki.

Hatua ya tano: ofisi mbili za kodi

Nenda TRA upate TIN ya kampuni. TIN haiuzwi, anayekutoza ada ya TIN anakula chake. Wakurugenzi wawe na TIN zao binafsi kwanza. Utatakiwa kukadiria kodi ya mwaka, nawe kadiria kwa akili. Ukitaja faida kubwa ili uonekane mkubwa, utalipa kwa awamu faida ambayo hujaipata, na kupunguza makadirio baadaye kunahitaji maelezo. Anza na bajeti halisi: vyumba vinane, wastani wa siku zinazojaa, ukitoa mishahara, pango, umeme na kamisheni za mawakala.

Kisha nenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo hadi 2022 ilikuwa Bodi ya Mapato, ZRB. Huko unasajiliwa kwa VAT au kwa tozo za utalii kama ya hoteli na mikahawa, kulingana na shughuli na mauzo yako. Sajili pia mfumo wa risiti za kielektroniki wa VFMS. Mashine ya risiti ya EFD uliyotoka nayo Bara haitoi risiti ya ZRA.

VAT ya Zanzibar ni asilimia 15, wakati kiwango cha kawaida Bara ni 18. Tofauti hii hujificha kwenye programu ya hesabu iliyowekwa na fundi wa Dar es Salaam. Chumba cha shilingi 115,000 pamoja na VAT kina kodi ya 15,000. Programu iliyowekwa kwa asilimia 18 itatenga takribani 17,542. Kila chumba kikilala mtu unapeleka zaidi ya 2,500 ambazo ni zako, au hesabu zako hazilingani na risiti na unaitwa kujieleza. Siku ya kwanza, toa risiti ya jaribio na upige hesabu kwa mkono.

Hatua ya sita: ZIPA, kwa anayehitaji

Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji, ZIPA, si lango la lazima kwa kila biashara. Inakuhusu ukitaka cheti cha uwekezaji chenye nafuu za kodi na forodha, ardhi ya uwekezaji, au maeneo huru ya kiuchumi ya Fumba na Micheweni. Sheria ya sasa ni ya 2023, kwa hiyo mwongozo wowote unaonukuu ile ya 2004 umepitwa, hasa kwenye viwango vya mtaji.

Nafuu ya forodha hutolewa kwa orodha ya vifaa iliyoidhinishwa. Orodha iwe na idadi: viyoyozi 8, magodoro 16, jenereta moja na uwezo wake. Kontena likifika bandarini Malindi likiwa na viyoyozi 12, vinne vinalipiwa. Na kifaa kilichoingia kwa nafuu hakiuzwi wala kuhamishiwa biashara nyingine bila ruhusa.

Hatua ya saba: vibali na leseni

Mpangilio una maana. Ukianza kujenga kabla ya cheti cha mazingira, unaweza kusimamishwa msingi ukiwa umeshamwagwa. Anza ZEMA, upate uamuzi kama mradi wako unahitaji tathmini kamili ya athari za mazingira. Wanachotazama zaidi pwani ni maji machafu. Shimo la choo la kawaida juu ya jiwe la matumbawe linavujisha moja kwa moja kwenye visima vya jirani na baharini, hivyo mchoro wa mfumo wa maji machafu uwe tayari. Baadaye ni kibali cha ujenzi. Ndani ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, hata kubadili mlango, dirisha au kutundika bango kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe.

Jengo likiwa tayari, waite Zimamoto, wakaguzi wa afya na ZFDA (wakala wa chakula na dawa) kwa jiko, kisha Kamisheni ya Utalii kwa leseni ya nyumba ya wageni. Paa la makuti litawafanya Zimamoto waulize mengi: vizima moto viko wapi, nyaya zimepita ndani ya bomba au zimeachwa wazi juu ya boriti, jiko liko umbali gani. Leseni ya biashara ya eneo lako iko kwenye baraza la manispaa, la mji au halmashauri. Pombe ina kibali chake peke yake, na usiihesabu kwenye mapato kabla hujakishika mkononi.

Leseni nyingi ni za mwaka. Ziandike zote kwenye karatasi moja ukutani, kila moja na tarehe yake ya mwisho. Ukaguzi wa pamoja ukija, wanaoingia ni maofisa wa taasisi tatu nne kwa siku moja.

Hatua ya nane: wafanyakazi

Sheria ya Ajira ya Zanzibar ni Namba 11 ya 2005. Mkataba uwe wa maandishi, wa Kiswahili, na utaje mshahara kabla ya makato. Sajili kila mfanyakazi ZSSF. Kijana uliyemtoa Arusha akiwa na namba ya NSSF, mfuko wa Bara, bado utamchangia ZSSF akifanya kazi Jambiani. Kodi ya mshahara inakwenda TRA, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.

Mtanzania wa Bara hahitaji kibali cha kazi, ila akikaa afuate kitambulisho cha mkaazi asiye Mzanzibari. Mgeni wa nchi nyingine anahitaji vitu viwili kutoka serikali mbili: kibali cha kazi cha Kamisheni ya Kazi Zanzibar, na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, daraja A kwa mwekezaji na B kwa mwajiriwa. Kibali cha kazi alichopata kwa ajili ya Arusha hakimruhusu kupika Paje. Anayekuja na viza ya matembezi na "kusaidia kidogo" mapokezi anahesabiwa yuko kazini.

Vijiji vina mategemeo yao kuhusu ajira, na sheha ndiye mtu wa kwanza kusikia malalamiko. Tangaza nafasi kwake kabla ya kuleta timu kutoka nje. Hakuna sheria inayokulazimisha kuajiri kijiji kizima, lakini maji, ulinzi na njia yako vitategemea jinsi ulivyoingia.

Kalenda ya mwaka wa kwanza

Kwa kampuni inayofunga hesabu Desemba, awamu za kodi ya mapato zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka inatakiwa mwisho wa Juni unaofuata. Sasa tazama msimu. Masika ni Machi hadi Mei, hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei, na biashara huamka tena Juni inapokwisha. Awamu mbili za kwanza na ritani zinakukuta sanduku likiwa tupu. Tenga pesa hiyo Januari na Februari, wakati vyumba vimejaa, kwenye akaunti ambayo huigusi kwa mishahara. Ramadhani nayo husogea kila mwaka, na kwa mgahawa unaotegemea wateja wa mchana mitaani ni mwezi mzima wa kufunga milango mchana.

Mwezi usiouza kitu, peleka ritani ya sifuri. Watu wengi wamekutana na adhabu za miezi waliyokuwa wamefunga milango, kwa sababu mfumo haujui kama umefunga au umekaa kimya.

Bidhaa za kuvuka bahari

Mali iliyoingizwa kupitia bandari ya Zanzibar ikipelekwa Dar es Salaam inapita tena mikononi mwa forodha, na thamani yake inaweza kutazamwa upya. Hifadhi ankara ya asili ya nje ya nchi, tamko la forodha na stakabadhi za malipo, vyote kwa jina lilelile la mwenye mzigo. Friji moja isiyo na karatasi inakwama gatini siku nzima. Kwa bidhaa iliyotengenezwa Zanzibar, beba cheti cha ZBS na uthibitisho wa ilikotengenezwa.

Mkigombana

Ugomvi wa mshahara unaanzia kitengo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi, si CMA, tume ya usuluhishi ya Bara. Wa ardhi unakwenda Mahkama ya Ardhi, wa mirathi ya Waislamu Mahkama ya Kadhi, na wa biashara kubwa Mahkama Kuu ya Zanzibar. Wakili wako wa Dar es Salaam, hata awe hodari vipi, hasimami mahkama za Zanzibar mpaka awe amekubaliwa huko. Mawakili wa Zanzibar wana daftari lao na chama chao. Mtumie wa kwako kwa ushauri, lakini mkataba wa ardhi uandikwe na aliyezoea Kamisheni ya Ardhi na Bodi ya Uhaulishaji.

Ukiamua kufunga

Kufuli mlangoni haifungi kampuni. Toa notisi na ulipe stahili za wafanyakazi, peleka ritani za mwisho TRA na ZRA, omba usajili wa VAT na wa VFMS ufutwe, rudisha leseni, chukua barua za kutokuwa na deni kutoka ZSSF na mamlaka zote mbili za kodi, ndipo uombe BPRA ikuondoe kwenye daftari. Fuata mpangilio huo: BPRA ikikuondoa kabla TRA haijakufuta, TIN inabaki hai, na madai yataendelea kuwafuata wakurugenzi.